Mavi ya Chuma Ni ya Nani?

Waliokua enzi za redio za betri wanaujua mchezo huu. Spika ikishapasuka, mtoto anaing'oa sumaku yake, ile duara yenye tundu katikati, anaifunga kamba na kuiburuta kwenye mchanga wa mfereji mvua ikikatika. Akiinyanyua imeota ndevu nyeusi. Tulizikwangua ndevu hizo tukazitia kwenye kopo tupu la rangi ya viatu, tukaziita chuma, na kila mmoja wetu alikuwa na hesabu zake za siku kopo litakapojaa likapelekwa kwa mhunzi.

Hakikuwa chuma. Zile punje nyeusi ni magnetaiti, yaani oksaidi: chuma kilichoshikana na oksijeni tangu mwamba ulipopoa. Na sumaku yenyewe, ile yenye rangi ya makaa, inayovunjika kama kigae ikianguka, nayo si chuma. Ni oksaidi ya chuma iliyosagwa, ikachanganywa na bariamu au strontiamu, ikaokwa tanurini kama chungu. Kumbe tulikuwa tunaburuta oksaidi kuokota oksaidi.

Nimeukumbuka mchezo huo kwa sababu ya Liganga. Kilima hicho cha Ludewa, mkoani Njombe, kimekuwa kwenye hotuba zetu muda mrefu kiasi kwamba wapo waliozaliwa wakakikuta, wakaoa, wakapata watoto, na bado kinatajwa kwa wakati ujao. Takwimu inayorudiwa ni tani milioni 126 za mashapo ya chuma. Mwaka 2011 Shirika la Maendeleo la Taifa, NDC, liliingia ubia na kampuni ya Sichuan Hongda ya China: Wachina asilimia 80, sisi 20, mradi wa dola bilioni 3 wa kuchimba chuma Liganga na makaa ya mawe Mchuchuma, pamoja na mtambo wa umeme wa megawati 600. Kukatokea mvutano wa vivutio vya kodi, ukafuata ukimya mrefu, halafu mwaka 2023 serikali ikaanza kuwalipa fidia wananchi waliokuwa wamezuiwa kuyaendeleza maeneo yao. Tanuru bado halijawashwa.

Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni ya kisiasa: mkataba mbaya, mwekezaji goigoi, serikali yenye kusitasita. Yote yana ukweli wake. Ila nadhani tumeuzungumza mkataba kwa miaka yote hii bila kuizungumza oksijeni, na kwa madini ya aina hii oksijeni ndiyo biashara yenyewe.

Madini ya oksaidi ni familia kubwa. Hematiti na magnetaiti hutoa chuma, boksaiti hutoa alumini, kasiteraiti hutoa bati, ilmenaiti na rutaili hutoa titaniamu, kromaiti hutoa kromu. Koltani ya Kivu imo humo, uraninaiti ya Shinkolobwe imo, rubi ya Longido imo. Wekundu wa udongo wetu, ule unaotia madoa shati jeupe na haukubali sabuni, ni oksaidi za chuma. Kutu nayo ni ndugu yao: mabati yaliyoachwa kwenye upepo wa chumvi pale Tanga au Malindi hayaozi, yanarudi kuwa kitu cha jamii ile ile yalikotoka. Binadamu alilipa kuni, makaa na umeme kuing'oa oksijeni kutoka kwenye jiwe, na hewa inajirudishia kilicho chake polepole bila kumlipa mtu.

Ndiyo maana jiwe la chuma ni rahisi na nondo ni ghali. Miaka hii tani moja ya mashapo ya chuma yenye ubora wa soko la dunia imekuwa ikicheza karibu na dola 100. Nondo zake huuzwa kwa mara kadhaa ya bei hiyo. Jasho la mchimbaji ni sehemu ndogo ya tofauti hiyo. Sehemu kubwa imo katika gharama ya kuitenganisha oksijeni na chuma. Na oksijeni ina njia kuu mbili za kuondoka: uipe kaboni iondoke nayo, au uifukuze kwa umeme. Kazi hiyo inapofanyika ndipo zinapobaki ajira, ufundi, karakana na kodi. Moshi pia, tusijidanganye.

Wazee wetu walilijua hili kwa mikono yao. Katika milima ya Upare Kaskazini, Wagweno na mafundi wa ukoo wa Washana walikusanya mchanga mweusi uliokokotwa na vijito, mchanga ule ule wa kopo letu la utotoni, wakauyeyusha kwa mkaa. Wafipa wa Rukwa walijenga malungu, matanuru marefu ya udongo yanayomzidi mtu urefu, yaliyovuta hewa yenyewe bila mivukuto. Buhaya, mkoani Kagera, uchunguzi wa Peter Schmidt na Donald Avery uliochapishwa mwaka 1978 ulionesha ufuaji chuma wa karibu miaka 2,000 iliyopita, na wakadai kwamba mafundi wale walikuwa wakiipasha hewa moto kabla haijaingia tanurini. Wanaakiolojia wengine walilibishia hilo la hewa, na ubishi wao una haki. Jambo lisilobishaniwa ni kwamba watu walikuwa wakitoa chuma kwenye jiwe huku kwetu karne nyingi kabla meli za Ulaya hazijaleta majembe ya kiwandani, yaliyokuwa rahisi kiasi cha kuwafanya mafundi wetu wazime moto.

Sasa kuna jambo ambalo nadra kusikika katika mijadala ya Liganga. Mchanga mweusi wa Upare una titaniamu. Mwamba wa Liganga nao una titaniamu, pamoja na metali iitwayo vanadiamu. Hiyo titaniamu ndiyo inayoipa Liganga sifa ya kuwa "mgumu". Katika tanuru refu la kisasa linalotumia koki, yaani makaa ya mawe yaliyookwa, moto ni mkali mno kiasi kwamba sehemu ya titaniamu nayo huanza kupoteza oksijeni yake, inaungana na kaboni na nitrojeni, inafanya chembe ngumu zisizoyeyuka kwa joto la pale. Takataka inayoelea juu ya chuma, ambayo Kiswahili chetu kisicho na aibu kinaiita mavi ya chuma, inakuwa nzito kama ugali uliopoa. Haitoki tanurini. Fundi wa kiwanda anabaki na tanuru lililoziba.

Mpare hakuwa na tatizo hilo kwa sababu tanuru lake halikuwa na joto la kuyeyusha chuma chote. Chuma chake kilitoka kama donge laini lenye matundu, halafu kilifuliwa kwa nyundo. Titaniamu ilibaki na oksijeni yake, ikatiririka na mavi. Sisemi turudi kwenye mivukuto. Tanuru lile lilikula msitu, na chuma chake kilipimwa kwa majembe, hakikupimwa kwa tani. Ninachosema ni kwamba ugumu wa Liganga ni ugumu wa kuchagua tanuru. Jiwe lenyewe halina laana.

Na wapo waliokwisha kuchagua. Panzhihua, kusini mwa Sichuan, jiwe lina tabia kama ya Liganga, na Wachina walitoa chuma chao cha kwanza pale mwaka 1970 baada ya mafundi wao kuhangaika miaka na mchanganyiko na joto. Kwamba mbia wetu wa 2011 alitoka mkoa huo huo pengine haikuwa ajali. New Zealand wanachota mchanga mweusi wa pwani, wanaunyang'anya oksijeni kwa makaa ya kawaida ndani ya mapipa makubwa yanayozunguka, halafu wanamalizia kwa tanuru la umeme. Afrika Kusini walikuwa na Highveld, kiwanda cha Witbank kilichotoa chuma na vanadiamu kutoka kwenye jiwe la namna hii kwa miongo kadhaa mpaka kikafilisika katikati ya muongo uliopita. Kifo cha Highveld kinastahili kusomwa na kila anayeota Liganga. Teknolojia yake ilikuwa ikifanya kazi. Kilichokishinda kiwanda ni bei ya umeme, mitambo iliyochakaa na chuma cha bei ya kutupa kutoka nje.

Tubaki kidogo kwenye mavi, maana hapa ndipo penye utajiri.

Jiwe la Liganga likiyeyushwa vizuri, chuma kinatoka na vanadiamu ndani yake. Ukipuliza oksijeni kwenye chuma hicho kilichoyeyuka, vanadiamu inatangulia kuungua na kuelea kama mavi ya pili, tofauti na yale ya kwanza. Mavi hayo ya pili ni mali ghafi ghali. Vanadiamu kidogo tu huongeza nguvu ya nondo, na sasa kuna betri kubwa za kuhifadhi umeme zinazoitumia. Titaniamu nayo imebaki kwenye mavi ya kwanza. Kwa hiyo tanuru moja linatoa bidhaa moja yenye jina na "takataka" mbili zenye thamani. Mkataba ukiandikwa na mtu anayeona chuma peke yake, mrabaha utatozwa kwenye chuma, na mavi yatapakiwa kwenye malori kama kifusi.

Wako wanaofanya hivyo waziwazi, ila kwa kujua wanachofanya. Richards Bay, kwenye pwani ya KwaZulu-Natal, wanayeyusha ilmenaiti kwa umeme, na bidhaa yao kuu ni mavi hasa, yenye titaniamu tele. Chuma ndiyo bidhaa ya pembeni. Ndugu zao wa kampuni hiyo hiyo, Rio Tinto, wanachimba ilmenaiti kusini mwa Madagaska, karibu na Fort Dauphin, halafu wanaivusha bahari mpaka Sorel-Tracy, jimbo la Quebec, Kanada. Kwa nini mchanga uzunguke nusu ya dunia? Quebec ina mabwawa na umeme wa bei ya chini. Madagaska haina. Mchanga unaufuata umeme kama nyuki anavyofuata ua, na umbali wa bahari ni gharama ndogo.

Hapo ndipo tunapaswa kuitazama Kwale kwa jicho jingine. Kampuni ya Base Titanium ilichimba mchanga wa Kwale kuanzia mwisho wa 2013, meli ya kwanza ikaondoka Likoni mwezi Februari 2014, na uchimbaji ukakoma Desemba 2024. Kwa miaka ile mgodi huo mmoja ndio uliokuwa nguzo ya sekta ya madini ya Kenya. Ilmenaiti, rutaili na zirkoni vilipakiwa kwa mamia ya maelfu ya tani, vikaenda zao. Sheria ya Madini ya Kenya ya 2016 iligawa mrabaha: serikali kuu asilimia 70, kaunti 20, jamii ya eneo husika 10. Kelele nyingi Kwale zilihusu hiyo 10, ilicheleweshwa au haikucheleweshwa, ipite kwa nani. Ni kelele halali. Mwenye shamba la minazi lililogeuka shimo ana haki ya kupiga kelele. Ila zilikuwa kelele za kugawana kipande kidogo.

Mchanga ule mweusi ulikuwa unakwenda kugeuzwa weupe. Zaidi ya asilimia 90 ya titaniamu inayochimbwa duniani haitumiki kama metali. Inatumika kama oksaidi safi, ungaunga mweupe kupita chokaa, ndani ya rangi za ukuta, karatasi, plastiki, dawa za meno, mafuta ya kujikinga na jua. Umoja wa Ulaya uliukataza kwenye chakula mwaka 2022, kwenye rangi bado unatawala. Kwa hiyo ukiona nyumba mpya Ukunda imepakwa rangi nyeupe inayong'aa, kuna uwezekano, mdogo lakini wa kweli, kwamba weupe ule ulizaliwa maili chache kutoka hapo ukiwa mweusi, ukapanda meli, ukarudi kwenye ndoo ya lita ishirini.

Je, Kenya ingejenga kiwanda cha kuugeuza? Hapa naachana na wenzangu wengi wanaoandika kwamba kila kitu kisafishwe nyumbani. Sidhani. Kiwanda cha ungaunga huo kinataka asidi au klorini kwa wingi, kinatoa taka zinazohitaji uangalizi usiolala, na mgodi wenyewe ulikuwa wa miaka kumi na moja. Ukijenga kiwanda cha miaka arobaini juu ya mgodi wa miaka kumi na moja utaishia kuagiza mchanga kutoka kwa jirani. Kuuza mchanga Kwale kulikuwa na mantiki. Pengine kosa lilikuwa kutouuza kwa dau kubwa zaidi. "Tuongeze thamani" ni kauli tamu jukwaani, na kwenye baadhi ya madini ni hasara iliyovaa joho.

Alumini ndiyo mfano mkali kuliko yote. Oksijeni imeishika alumini kwa nguvu kiasi kwamba makaa hayafui dafu. Kabla ya 1886 metali hiyo ilikuwa ya kifahari, ncha ya mnara wa Washington kule Marekani iliwekwa kipande chake mwaka 1884 kama pambo la thamani. Ndipo Charles Hall wa Marekani na Paul Héroult wa Ufaransa, vijana wawili wasiojuana, wakagundua mwaka mmoja njia ile ile ya kuifukuza oksijeni kwa umeme, na leo alumini ni sufuria. Lakini deni la umeme halikufutika. Tani moja inakula takribani uniti 14,000. Nyumba ya Tanzania inayokaa kwenye kundi la watumiaji wadogo, uniti 75 kwa mwezi, ingetumia kiasi hicho kwa zaidi ya miaka 15.

Sasa tazama ramani. Guinea ina boksaiti nyingi kuliko nchi yoyote na haina kiwanda hata kimoja cha kutoa alumini yenyewe. Shehena zake nyingi zinakwenda China. Bahrain, Dubai na Sohar kule Omani hazina boksaiti ya maana, zina gesi ya kuzalisha umeme, na ni wazalishaji wakubwa wa alumini. Jirani yetu Msumbiji alifungua kiwanda cha Mozal nje kidogo ya Maputo mwaka 2000. Hakikuwa na boksaiti, unga wa alumina, yaani boksaiti iliyosafishwa, uliletwa kwa meli. Kilijengwa juu ya mkataba wa umeme, karibu megawati 900 mfululizo usiku na mchana. Mkataba huo ulipokaribia kwisha na bei mpya ikashindikana, wamiliki walitangaza mwaka 2025 kwamba kiwanda kitasimamishwa Machi 2026. Robo karne ya kiwanda kikubwa kuliko vyote nchini mle ilitegemea tarakimu moja kwenye karatasi, bei ya uniti.

Tanzania tunayo boksaiti kiasi pale Magamba, Lushoto, na mara moja moja husikika mtu akiitaja kwa sauti ya matumaini. Bwawa la Mwalimu Nyerere pale Rufiji lina megawati 2,115 mitambo yake tisa ikizunguka yote. Kiwanda kimoja cha ukubwa wa Mozal kingemeza zaidi ya asilimia 40 ya hizo. Kwa ajili ya sufuria? Hapana. Huu ni umeme tuliousubiri tangu Mwalimu mwenyewe yuko madarakani. Auziwe fundi wa kuchomelea, mwenye mashine ya kusaga, mwenye friji ya samaki.

Chuma na bati ni habari nyingine, maana hapa kaboni inatosha kwa sehemu kubwa ya kazi. Bati ndilo jepesi kutolewa kuliko yote. Kasiteraiti ikichanganywa na mkaa kwenye tanuru la wastani inaachia oksijeni bila ubishi mwingi. Wahausa wa Liruei, Nigeria, walikuwa wakitoa bati kwa njia hiyo kabla ya Waingereza kufika. (Kwa wasiojua, mabati yetu ya kuezekea si bati. Ni chuma kilichopakwa zinki. Bati halisi limo kwenye lehemu inayoshika nyaya za simu uliyoshika.) Bei yake imekuwa ikivuka dola 30,000 kwa tani. Mgodi wa Bisie, Walikale, katika Kivu Kaskazini, ulitoa mwaka 2024 zaidi ya tani 17,000 za bati lililomo ndani ya mchanga wake, takriban asilimia 6 ya bati la dunia nzima. Lote liliondoka likiwa mchanga, kusafiri barabara ndefu za matope mpaka baharini. Karibu theluthi moja ya uzito wa kila lori ni oksijeni na uchafu mwingine. Kusafirisha oksijeni kutoka Walikale mpaka bandarini kwa dizeli! Kama kuna oksaidi moja ya kuyeyushwa katika ukanda huu kesho asubuhi, ni hii. Kigali kina kiwanda pale Karuruma, cha zamani kilichofufuliwa, kwa hiyo hakuna wa kusema haiwezekani.

Lakini tanuru la bati lina siri chafu ambayo inanifanya nisite. Mchanga wa madini una alama za ulikozaliwa. Mtaalamu akiupima anaweza kusema huu ni wa mlima fulani. Ukishayeyushwa alama zinapotea. Kilo ya bati la Kivu na kilo ya bati la Bolivia ni pacha. Sheria ya Marekani ya 2010 kuhusu madini ya migogoro iliishia kuwabana wenye matanuru kwa sababu hiyo: pale ndipo damu inapooshwa. Mwenye tanuru jirani na vita anaweza kuwa mjenzi wa viwanda, na anaweza kuwa dobi.

Koltani ya Rubaya inaonesha hilo kwa uchungu. Machimbo hayo ya Masisi hutoa takriban asilimia 15 ya tantalamu ya dunia. Waasi wa M23 waliyateka mwezi Aprili 2024, na wataalamu wa Umoja wa Mataifa wakakadiria kwamba kundi hilo linavuna kiasi cha dola 800,000 kwa mwezi kwa kutoza kodi uchimbaji na biashara yake. Kodi kwa kila kilo ya oksaidi inayobebwa mgongoni kushuka mlima. Tantalamu hairuhusu mkaa. Inataka asidi kali inayotafuna hata kioo, kwa hiyo kazi ya kuitenga inafanyika mbali kabisa. Na mwisho wake una kejeli. Baada ya wakemia kuhangaika kuiondoa oksijeni, mtengeneza vifaa vya umeme huirudisha kwa makusudi, utando mwembamba usioonekana kwa macho, kwa sababu ni oksaidi ya tantalamu inayoweza kutunza chaji ndani ya kifaa kidogo kuliko punje ya mchele. Kilichobebwa mgongoni Rubaya na kilichomo mfukoni mwako ni ndugu wa damu, isipokuwa cha pili kimepita shule.

Rubi naitaja kwa kifupi kwa sababu inaipinga hoja yangu, na ni vizuri ipingwe. Ni oksaidi ya alumini, kitu kile kile kilichomo kwenye unga wa Mozal, ila kimejipanga kwa fuwele na kikatiwa kromu kidogo ikawa nyekundu. Hapa oksijeni haiondolewi. Ukiiondoa umeharibu mali. Longido, Winza, na spineli za Mahenge hazihitaji megawati. Zinahitaji mashine ya kukata, jicho lililofundishwa, na mnunuzi asiyemlaghai mchimbaji. Kuanzia 2019 Tanzania ilianza kufungua masoko ya madini ili dalali na mchimbaji wakutane mbele ya mizani ya serikali. Kwa vito hiyo ndiyo njia. Lakini tabia ya vito tumeihamishia kwenye kila jiwe, tukidhani utajiri ni kukiona kitu kinatoka ardhini na kukipima.

Ukitaka kuona bei ya kuondoa oksijeni kwa macho yako, usiende mgodini. Nenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Kijana anayezunguka mtaani na mkokoteni akipaza sauti, anayenunua bomba, rimu na fremu za vitanda, ananunua chuma ambacho mtu mwingine alikwisha kulipia makaa yake. Ndiyo maana kingo za barabara zinang'olewa usiku na mifuniko ya mitaro inayeyuka kama barafu; Kenya ilifika mahali pa kuipiga marufuku biashara hiyo kwa miezi kadhaa mwaka 2022. Sehemu kubwa ya nondo zinazofyatuliwa viwandani mwetu zinatokana na chakavu hicho au vyuma vilivyoagizwa vikiwa tayari. Tunaishi juu ya mlima wa jiwe la chuma na tunapigania mifuniko ya mitaro.

Kwa hiyo, Liganga kuyeyushwe? Naam, kwa maoni yangu, na si kwa sababu ya fahari. Chuma ndicho kitu ambacho nchi inayojenga reli, madaraja na nyumba haiwezi kuacha kukinunua, makaa yako Mchuchuma jirani tu, na njia za kulishinda jiwe lenye titaniamu zinajulikana. Lakini nina hofu na namna tutakavyojadiliana. Mwaka 2017 nchi nzima ilisimama kutazama makontena 277 ya makinikia, mchanga wa madini uliochujwa, bandarini Dar es Salaam. Madini yale yalikuwa ya jamii ya salfaidi, metali iliyoshikana na salfa, hayakuwa oksaidi, na tarakimu zilizotajwa na kamati zilibishaniwa sana. Swali lenyewe lakini lilikuwa sahihi: ndani ya shehena inayoitwa kwa jina la metali moja, kuna metali gani nyingine, na nani anazilipia? Tuliliuliza kwa hasira, bandarini, mzigo ukiwa umeshafungwa, baada ya miaka mingi ya kusafirisha.

Ludewa tunayo nafasi ya kuliuliza kabla. Mwekezaji atakapokuja na michoro, mezani kutakuwa na asilimia za hisa, misamaha ya kodi, urefu wa leseni, ajira kwa wazawa. Magazeti yataandika hayo. Mimi ningependa mmoja wa wajumbe wetu, ikiwezekana aliyewahi kushika koleo la tanuru, ageuze ukurasa wa kiambatisho ambacho mawakili hawakisomi, kile cha taka, kifusi na utunzaji wa mazingira, atafute palipoandikwa mavi yatamwagwa wapi, na aulize kwa sauti ya kawaida tu: haya yakishapoa, ni ya nani?